Je, niongeze dola 2,300 kwa ajili ya usukani unaojirekebisha?

SWALI

Mpendwa Mshauri wa Magari,

Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, mwenye umri wa miaka 52. Kazi yangu ni kukodisha mashine: jenereta, mashine za kuchomelea vyuma, na mashine moja ya kupasulia mbao ambayo huikokota kwa tela kutoka hapa hadi misitu ya Mafinga, na mara nyingine hadi Rungwe na Makete. Tela likiwa na mashine yote juu yake lina uzito wa tani 2.8. Miaka yote nimetumia Canter ya zamani, lakini sasa imechoka na imenichosha.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anaishi Texas na amenitafutia pikapu mbili za kuchagua. Zote ni Ford F-250 Super Duty za mwaka 2017, za dizeli, zenye milango minne. Ya kwanza ni ya daraja la XLT na imetembea maili 71,000. Ya pili ni ya daraja la Lariat, imetembea maili 96,000, na ina usukani unaojirekebisha, yaani ule ambao kompyuta huubadilisha kulingana na mwendo wa gari. Hiyo ya pili ni ghali zaidi kwa dola 2,300, na shemeji anasisitiza kwamba kwa mtu anayekokota tela usukani huo ni jambo la lazima.

Nyumbani kwangu shauri limegawanyika. Mwanangu yuko upande wa shemeji. Dereva wangu, mzee aliyeizoea barabara ya Tunduma tangu ujana wake, anasema usukani wenye umeme ndani yake ukikuzimikia kwenye mteremko wa Kitonga basi habari yako imekwisha. Mimi nina jambo langu pia: bega langu la kulia liliumia mwaka 2021, na daktari alinishauri nipunguze kazi za kuzungusha mkono. Nimewaza kwamba huenda usukani huo ukanipunguzia uzito.

Naomba unisaidie kuamua. Je, thamani yake ipo? Je, hofu ya dereva wangu ni ya kweli? Na bega langu litapata nafuu?

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya

JIBU

Ndugu yangu wa Uyole,

Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu najua shemeji anasubiri simu yako: usiongeze dola 2,300 kwa ajili ya usukani huo. Kwa jinsi ulivyozieleza pikapu hizo mbili, ningechukua ile ya XLT, na fedha iliyobaki ningeitumia kwenye breki za tela. Hata hivyo, sababu zangu si zile za dereva wako, na ningependa uzielewe vizuri, kwani huenda shemeji akipata gari la tatu mambo yakabadilika.

Katika gari la kawaida, uwiano kati ya mzunguko wa mikono yako na kugeuka kwa magurudumu umewekwa kiwandani na haubadiliki. Ukizungusha usukani kwa kiasi fulani, magurudumu yatageuka kwa kiasi kilekile, uwe unaegesha gari Mwanjelwa au unakimbia kwenye tambarare ya Usangu kati ya Igawa na Chimala. Waundaji wa magari makubwa hulazimika kuchagua: wakiufanya usukani uwe mwepesi kuitika, gari litahangaika barabarani kwa kila mkono unaotikisika, wakiufanya uwe mzito kuitika, dereva atazungusha mikono mpaka achoke kila anapoingia uani. Pikapu kubwa kwa kawaida hupewa usukani wa aina hiyo ya pili.

Usukani unaojirekebisha unavunja sharti hilo. Katika Super Duty, ambayo ilianza kuupata kwa toleo la mwaka 2017, kuna mota ndogo ya umeme pamoja na giya zake zilizowekwa ndani ya usukani wenyewe, yaani ndani ya duara unaloshika kwa mikono. Gari likienda polepole, mota huongeza kidogo juu ya kile unachozungusha, hivyo magurudumu hugeuka zaidi ya yalivyotarajiwa kwa mzunguko huo. Gari likienda kasi, mota hupunguza, hivyo kosa dogo la mkono halilifanyi gari liruke kwenda pembeni. Wazo hilo si la jana. Lexus LX 470 ya 2003, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na Land Cruiser 100 tunayoifahamu wote, ilikuwa na mfumo wa namna hiyo, na BMW nao waliuweka katika magari yao ya mfululizo wa 5 mwaka huohuo wa 2003. Jipya la Ford lilikuwa kuuingiza mtambo mzima ndani ya usukani, badala ya kuuweka mbali chini kwenye mhimili.

Sasa angalia kwa makini kile ambacho mfumo huu haufanyi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi, pengine na shemeji yako, wanapochanganya. Haupunguzi nafasi ambayo gari linahitaji ili ligeuke. Kikomo cha kugeuka kwa magurudumu ya mbele ni kilekile. Kilichopungua ni mizunguko ya mikono ya kukifikia kikomo hicho. F-250 ya milango minne yenye bodi refu la nyuma inakaribia mita 6.8 kwa urefu, wakati Hilux ya milango minne ina kama mita 5.3. Ukishindwa kugeuza gari hilo kwa mkupuo mmoja mbele ya geti lako ukiwa na XLT, utashindwa pia ukiwa na Lariat, ila utashindwa upesi zaidi. Kuna mfumo mwingine tofauti kabisa ambao hugeuza hata magurudumu ya nyuma. General Motors waliuza pikapu za namna hiyo kati ya 2002 na 2005, na huo ndio uliopunguza nafasi ya kugeukia kwa karibu asilimia 20. Ukisikia mtu akisema kwamba usukani unaojirekebisha unalifanya gari kubwa ligeuke kama dogo, jua kwamba ama anasimulia mfumo ule mwingine, ama anasimulia hisia za mikono yake.

Hisia za mikono si kitu cha kudharau, na hapa nitaupa mfumo haki yake. Mtu anayerudisha tela nyuma siku nzima katika yadi zenye msongamano, akigeuza usukani kushoto kabisa na kulia kabisa mara mia, atamaliza siku akiwa na nguvu zaidi. Mtu anayesafiri kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, ambao ndio mwendo halali katika barabara kuu nyingi za Texas, akiwa na tela nyuma na upepo wa ubavuni, atashukuru kwamba usukani wake umetulia. Shemeji yako anaishi kati ya hali hizo mbili, kwa hiyo hakukudanganya. Amekuambia kilicho kweli kule aliko.

Lakini wewe huishi huko. Mabadiliko makubwa ya mfumo huu yako kwenye ncha mbili, mwendo wa kutambaa na mwendo wa kasi, na hapo katikati usukani hukaribiana na ule wa kawaida. F-250 imeidhinishwa kwa uzito wa jumla wa karibu tani 4.5, na sheria yetu ya barabarani inayaweka magari yanayozidi tani 3.5 kwenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 kwenye maeneo ya makazi. Tangu Uyole mpaka Mafinga utapita Igawa, Makambako na Nyororo, ukiwa nyuma ya malori ya Zambia kwa sehemu kubwa ya safari, vibao vya 50 vikikupokea kila kijiji. Ile ncha ya kasi, ambayo umeambiwa uilipie, hutaigusa kabisa, isipokuwa uvunje sheria. Na ukiwa na tani 2.8 nyuma yako nakusihi usiivunje.

Inabaki ncha ya polepole. Kitonga, Mlima Nyoka, mteremko wa Mbalizi na barabara ya Kawetere kwenda Chunya ni mahali ambapo gari lenye tela hutembea kwa mwendo mdogo, na huko usukani huo kweli utakupunguzia mzunguko. Hata hivyo, kona za Kitonga zimejengwa ili malori yenye tela refu yapite, kwa hiyo pikapu haihitaji kuzungusha usukani mpaka mwisho ili kuzimaliza. Utaokoa sehemu ya mzunguko katika kila kona, basi. Kwenye njia za msituni Mafinga wakati wa masika, ambapo gari linatembea ndani ya mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori ya magogo, mimi binafsi nisingependa usukani unaoitika haraka kupita kiasi, maana dereva aliyeteleza huwa na tabia ya kurekebisha kupita inavyotakiwa. Dereva anaweza kuzoea, lakini dereva wako ana miaka mingi ya mazoea mengine mikononi mwake.

Niliwahi kurudisha tela nyuma nikiwa na gari lenye usukani wa aina hii, uani kwa rafiki yangu huko Makambako. Mara ya kwanza tela lilijikunja kabla sijamaliza kuwaza, kwa kuwa mikono yangu iliendelea kuzungusha kwa kipimo cha Canter. Mara ya tano nilikuwa nimeshaupenda. Nasema hivyo ili ujue kwamba sina chuki na kifaa hiki. Siku ile, kama mwenye gari angeniuliza, ningemwambia akitunze.

Nije kwenye hofu ya dereva wako, ambayo inastahili heshima kwa sababu inatoka kwa mtu aliyeona mengi. Anadhani kwamba umeme ukikatika, usukani utabaki unazunguka bure mikononi. Sivyo ulivyoundwa. Kati ya usukani na magurudumu bado kuna chuma kwa chuma: mhimili wa usukani, stelingi boksi, na vyuma vinavyofuata mpaka kwenye magurudumu. Mota ile imeongezwa juu ya njia hiyo, haikuchukua nafasi yake. Hitilafu ikitokea, kuna kufuli linaloifunga mota, na kuanzia hapo usukani unakuwa kama wa gari la kawaida, huku taarifa ya onyo ikionekana kwenye dashibodi. Kufuli hilohilo hushika kila unapozima gari, ndiyo maana wenye magari haya husikia mlio mdogo wa kubofya wanapowasha au kuzima. Jambo moja la kumweleza dereva ni kwamba kufuli likishika ghafla, huenda usukani ukakaa upande kidogo ingawa gari linakwenda mbele moja kwa moja. Asishtuke na kuunyoosha usukani, kwa sababu akiunyoosha atakuwa ameligeuza gari. Alifuate gari, asiangalie usukani.

Kinachoweza kumwangamiza mtu Kitonga ni kitu kingine, nacho kipo katika pikapu zote mbili. Wepesi wa usukani wa Super Duty unatokana na pawa stelingi ya mafuta, ambayo pampu yake huendeshwa na injini, na katika zile za dizeli presha ya pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki. Dereva anayezima injini au kutia fri kwenye mteremko ili abane mafuta, tabia ambayo sote tunaijua na wengine tumeifanya, akizima injini anajinyang'anya usukani mwepesi na breki nyepesi kwa wakati mmoja. Kuna akiba ya kukanyaga breki mara chache, halafu mguu unabaki peke yake dhidi ya tani saba. Nenda ukamwambie mzee wako kwamba mafuta ya pawa stelingi katika gari hilo ni mafuta ya uhai, yakaguliwe kila wiki, na mpira wowote unaovuja ubadilishwe siku hiyohiyo.

Kuhusu bega lako, kuna mambo mawili yanayofanana kwa jina lakini si kitu kimoja. Uzito wa usukani hupunguzwa na pawa stelingi, na hiyo ipo kwa XLT na kwa Lariat. Usukani unaojirekebisha unapunguza idadi ya mizunguko. Ikiwa daktari alikukataza kubeba na kusukuma, basi pikapu yoyote kati ya hizo itakufaa kuliko Canter uliyonayo, hasa kama pampu yake imechoka. Ikiwa alikukataza kuinua mkono na kuupitisha juu ya mwingine mara kwa mara, hapo kweli kifaa hiki kina faida kwako, nayo utaihisi uani na mjini zaidi kuliko safarini. Muulize swali hilo kwa maneno hayo. Jibu lake ndilo jambo pekee katika barua yako ambalo lingeweza kunifanya nibadili ushauri, ingawa bado ningekuuliza: katika safari kumi, ni ngapi unaendesha wewe na ngapi anaendesha mzee?

Tuzungumzie matengenezo, kwani kwangu hapa ndipo shauri linapokatika. Kwa sababu mota, giya na kufuli vyote viko ndani ya usukani, hitilafu yake haitengenezwi kwa kufungua na kubadilisha kitu kidogo cha shilingi elfu hamsini. Sehemu nzima hubadilishwa, iko mahali pamoja na mfuko wa hewa wa usalama, ambao si kitu cha kuchezewa na fundi anayejifunza, na kisha kompyuta ya gari inatakiwa ifundishwe upya mahali usukani unaponyooka. Wenye maduka ya spea wa Kabwe na Mwanjelwa watakupatia chochote cha Hilux, Cruiser au Canter kabla chai yako haijapoa. Kwa sehemu hii utampigia tena shemeji. Wakati unasubiri, gari litatembea kwa kufuli, yaani litakuwa sawasawa na XLT ambayo ungeinunua kwa dola 2,300 pungufu.

Mazingira ya kazi yako yanaongeza hatari hiyo. Wewe unabeba mashine za kuchomelea, na siku moja mtu atachomelea tela likiwa limefungwa kwenye gari bila kuondoa nyaya za betri. Umeme huo unaweza kupita kwenye kompyuta za gari. Hatari nyingine inanitisha zaidi. Malori yetu ni ya volti 24, nayo hupata volti hizo kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Super Duty ya dizeli nayo ina betri mbili, lakini zimeunganishwa sambamba, kwa hiyo gari zima ni la volti 12. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba pale Uyole gari likigoma kuwaka, kijana mwenye nia njema atafungua boneti, ataona betri mbili, ataamini ni volti 24, na ataleta nyaya kutoka kwenye lori la jirani. Kadiri gari linavyokuwa na vifaa vingi vya umeme, ndivyo kosa hilo linavyokuwa ghali.

Kuna swali ambalo hukuuliza, nami nashindwa kulinyamazia kwa kuwa linahusu usukani huohuo. Pikapu hizi zinatoka kiwandani zikiwa na usukani wa upande wa kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo dereva wako atakaa upande wa majani, na ili aone kama barabara ni nyeupe kabla ya kulipita lori, itabidi kwanza gari lote litokeze hadi katikati ya barabara. Katika ukungu wa Mufindi, kwa barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, hilo ni jambo zito kuliko yote tuliyojadili. Kabla hujatuma hata dola moja, uliza rasmi kwa mamlaka ya mapato na kwa kikosi cha usalama barabarani kuhusu masharti ya kusajili gari la namna hiyo, upate jibu kwa maandishi. Na kama kuna mtu amekuahidi kuuhamishia usukani upande wa kulia, basi usukani wenye mota na kompyuta ndani yake ndio wa mwisho ningetaka auguse. Kuhusu dizeli ni sentensi moja tu, kwa sababu ni habari ya siku nyingine: injini hiyo na mfumo wake wa kusafisha moshi vilipangwa kwa dizeli ya Marekani yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50, na inahitaji pia maji ya urea, kwa hiyo jua utayapata wapi kabla gari halijapanda meli.

Tukirudi kwenye tofauti ya dola 2,300, angalia pia kwamba hulipii usukani peke yake. Lariat ni daraja la juu: kuna viti vya ngozi na mapambo mengine ndani ya bei hiyo. Na imetembea karibu kilomita 154,000 dhidi ya 114,000 za mwenzake. Katika pikapu yenye ekseli nzima ya mbele, kama zilivyo hizi zenye uwezo wa kuvuta magurudumu manne, kilomita hizo 40,000 zinaonekana kwenye bojointi na tairodi (viungo na fito zinazoyageuza magurudumu), bushi za chuma kinachoishika ekseli isiende pembeni, na shokapu ya stelingi. Vitu hivyo vikilegea, gari linaweza kupiga shimo dogo kwa mwendo wa wastani na magurudumu ya mbele yakaanza kutikisika kwa nguvu mpaka usukani ukatetemeka mikononi na dereva akalazimika kupunguza mwendo sana. Hakuna kompyuta ya usukani inayotibu ulegevu wa chuma. Anayeshauri umalizie fedha kwenye mota ya usukani kabla hajakagua tairodi anaanzia paani.

Kwa hiyo mwombe shemeji afanye haya kwa gari lolote atakalolichagua. Alipeleke kwa fundi asiyehusika na muuzaji, liinuliwe, mtu mmoja azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo huku mwingine akiangalia chini kama kuna kiungo kinachochelewa kuitika. Aliendeshe kwenye barabara kuu, apite kwenye viungo vya daraja, asikilize kama mbele kunatikisika. Aangalie kama usukani umenyooka gari likienda moja kwa moja, na kama matairi ya mbele yamelika upande mmoja. Kompyuta isomwe, na kumbukumbu za hitilafu azipige picha akutumie. Ikiwa atang'ang'ania Lariat, azime na kuwasha gari mara kadhaa, ahakikishe hakuna onyo lolote la usukani linalobaki kwenye dashibodi, kisha azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Mzunguko uwe laini wote, bila mahali panapokwama au kuruka.

Nikubali pia kwamba jambo linaweza kugeuka. Ukaguzi ukionyesha kwamba XLT imepata ajali au ina kutu kwenye chesesi, na Lariat ni nzima, basi chukua Lariat bila kusita. Usukani wake si sababu ya kuikimbia, kama usivyo sababu ya kuifuata. Vilevile, kama kazi yako ingekuwa kuingiza na kutoa tela katika yadi za mbao Mafinga mjini kutwa nzima, wewe mwenyewe ukiwa kwenye usukani na bega hilo, ningekuandikia barua tofauti.

Hiyo dola 2,300 nayo ina kazi. Tela lako, kama mengi yanayochomelewa hapa kwetu, nadhani halina breki zake, tani 2.8 zote zinasimamishwa na gari lililo mbele. Super Duty ina kidhibiti cha breki za tela, kinachopeleka umeme nyuma kwa kiasi cha unavyokanyaga, lakini hakina maana kama nyuma hakuna breki za kukipokea. Kabla hujalipa, mwombe shemeji athibitishe kwamba kidhibiti hicho kimo katika gari alilochagua. Kisha anunue kule ekseli ya tela yenye breki za umeme, ya uwezo wa pauni 7,000, ambayo ni karibu tani 3.2 na ni kitu cha kawaida madukani kwao, pamoja na seti moja ya akiba ya breki zake na soketi ya nyaya saba. Aulize kampuni ya usafirishaji na wakala wako wa forodha kama inaruhusiwa kupakiwa kwenye bodi la pikapu, na itangazwe kwenye nyaraka kama mzigo ili isizuiwe bandarini. Fundi wako wa kuchomelea ataifunga chini ya tela kwa siku mbili. Betri za gari ziwe zimeondolewa nyaya wakati anachomelea, na kwenye mfuniko wa kila betri uandike kwa rangi nyeupe: VOLTI 12.